Mama wa Sura ya Tatu

Aliyelikosa gazeti la Jumamosi iliyopita hajapitwa na mengi, maana mimi mwenyewe sikusogea hata hatua moja.

Kwa ufupi ni hivi. Nina miaka thelathini na sita, mume mmoja, watoto wawili, na mama mkwe aliyekuja kutusalimu kwa wiki mbili, mwaka mmoja uliopita. Kwa miaka minane nilifanya kazi kwenye kampuni ya bima. Kazi yangu ilikuwa kuandika barua za kuwaambia watu kwamba madai yao yamekataliwa. Niliziandika vizuri mno, hata wengine walijibu kushukuru.

Nikaacha. Nilisimama sebuleni mbele ya mume wangu na mama yake, nikatangaza kwamba kuanzia siku hiyo mimi ni mwandishi wa kujitegemea, na kwamba najipa mwaka mmoja riwaya yangu ipate mchapishaji. Isipopata, narudi kuwakatalia watu madai yao, na neno riwaya halitasikika tena kinywani mwangu. Mwaka huo umebakiza wiki tano.

Tuliachana pale Mhariri wa shirika la uchapishaji aliponipigia simu. Alikuwa amesoma sura zangu mbili za kwanza na hakuzichukia. Akataka ya tatu kabla ya saa sita mchana Ijumaa, kwa sababu kamati yao ilikuwa inakaa Ijumaa hiyo hiyo alasiri, na ikiinuka haikai tena mpaka miezi sita ipite.

Sasa nikiri jambo nililoliruka wiki iliyopita kwa aibu. Sura ya tatu nilikuwa nayo tayari.

Ilinichukua miezi mitano kuiandika, kwa dakika za kuibaiba. Inamhusu mama mmoja na mwanawe mwenye shati moja tu la shule. Mvua inanyesha wiki nzima, shati linafuliwa halikauki. Basi yule mama analikamua, anajifunga nalo tumboni, ngozi kwa ngozi, anavaa gauni lake juu na kulala nalo. Asubuhi analifungua limekauka, lina joto, anamvalisha mtoto. Siku moja mtoto anamwambia halitaki, linanuka mama. Kesho yake anampa shati bichi, na mtoto anaenda nalo shuleni hivyo hivyo.

Huyo mama ni wangu. Huyo mtoto ni mimi. Mume wangu hajui, watoto hawajui, na mama alifariki kabla sijamwomba radhi. Nilijiambia sura hiyo ikichapwa, nitakuwa nimemwomba.

Kwa hiyo kilichobaki kilikuwa kuisafisha kidogo na kuituma. Mtu mwenye akili timamu angefanya hivyo Jumatatu asubuhi na kwenda kulala. Lakini mimi nina ratiba.

Ratiba yangu niliichora kwa rula nikaibandika kwenye mlango wa jikoni. Saa mbili hadi saa nne, Mzee wa Malori. Saa nne hadi saa sita, riwaya. Saa nane hadi saa kumi, kazi ndogo ndogo. Mama mkwe aliisoma yote, amevaa miwani, kisha akauliza yeye yuko saa ngapi.

Mzee wa Malori ndiye mteja aliyekuwa akituweka mjini. Ana miaka sabini na moja. Aliendesha malori, akayamiliki, akayauza, na sasa anataka kitabu cha maisha yake. Macho yake yameingia ukungu, kwa hiyo ninachoandika husomewa na binti yake wa mwisho. Huyo ni mfamasia, mwanamke wa haraka haraka, anaongea kama anayehesabu vidonge. Yeye ndiye aliyeniletea mkataba, nikausaini kwa kalamu ya kuazima nikiwa nimesimama: kila neno nitakaloliandika kwa ajili ya kitabu hicho ni mali ya Mzee, na halitatumika kwingine.

Tatizo la Mzee lilikuwa utoto. Malori atakueleza mpaka koo likauke. Ukimuuliza habari za udogo wake, anasema alizaliwa, akakua, akaanza kazi, andika hivyo. Sura nzima ya utoto ilikuwa mstari mmoja.

Sisi tunaowaandikia watu maisha yao tuna ujanja wetu. Mtu akigoma kusema ukweli, unamwandikia uongo. Hamu ya kukurekebisha humfungua mdomo kuliko swali lolote. Niliwahi kumwandikia Mzee kwamba lori lake la kwanza alilinunua jipya. Aliwaka saa nzima, nikapata sura mbili safi: lori lilikuwa bovu, halina milango, na siku ya kwanza lilisukumwa na watu kumi na wawili mpaka nyumbani kwake.

Ujanja huo ndio ulionimaliza. Tufuatane taratibu.

Jumatatu saa mbili nilitakiwa niwe kwa Mzee nikimchimba utoto wake. Saa moja na nusu mama mkwe akatoka chumbani amevaa viatu. Akasema leo ni siku yake ya kupima presha, mwanawe ameshaenda kazini, na mimi si niko nyumbani tu.

Tukaenda. Nilibeba daftari, nikidhani nitaandika pale kwenye benchi. Mama mkwe akawaeleza wagonjwa wote kwamba mkwewe aliacha kazi nzuri ya ofisini na sasa anaandika. Hakusema anaandika nini. Mama mmoja akaniomba nimjazie fomu yake, kwa kuwa ninajua kuandika. Mwingine akaona. Nilijaza fomu saba, na ya nane ilikuwa ya mtu asiye hata mgonjwa, alikuwa anaomba leseni ya duka.

Tulirudi saa nane. Mzee nilimpigia simu kuomba radhi. Akasema haina shida, yeye hana pa kwenda, na utoto wake nao hauna pa kwenda.

Jumanne ilikuwa ya fundi bomba. Bomba la jikoni lilikuwa likivuja, na fundi alisema atakuja saa tatu kamili. Mume wangu aliniambia nimngoje, maana yeye hawezi kuomba ruhusa kazini kwa sababu ya bomba. Nilitaka kumwambia kwamba na mimi siwezi kuomba ruhusa kazini kwa sababu ya bomba. Jirani yetu Mama Pacha akaniletea funguo za nyumba yake, kwamba fundi akimaliza kwangu nimpeleke na kwake, kwa kuwa mimi nipo.

Fundi alikuja saa tisa. Akalitazama bomba, akaligonga mara mbili, akasema linahitaji kifaa ambacho hana, akaondoka.

Nawaomba mnaoajiriwa mnielewe hapo. Mtu anayemngoja fundi hawezi kuandika. Kila pikipiki inayopita nje unainua kichwa. Unaandika sentensi nusu, unaenda kuchungulia, ukirudi sentensi imepoa. Mume wangu aliporudi alinikuta nimeshika tama mbele ya kompyuta.

“Leo umeandika kurasa ngapi?”

“Nimemngoja fundi.”

“Lakini siku nzima ulikuwa nyumbani.”

Si mtu mbaya. Aliuliza kwa upole, kama unavyomuuliza mtoto mbona hajamaliza uji. Ndiyo maana sikuweza hata kugombana naye, na hasira isiyo na wa kugombana naye huzunguka tumboni mpaka inageuka kiungulia.

Jumatano saa tatu asubuhi binti mfamasia akapiga simu. Shangazi yake, dada mkubwa wa Mzee, alikuwa njiani kuja kuwatembelea. Mzee anataka sura ya utoto isomwe leo saa saba, yeye binti akifunga duka la dawa kwa chakula cha mchana, na kesho isomwe tena mbele ya shangazi. Akasema wameshanivumilia vya kutosha. Akasema kama nimeelemewa niseme, wapo waandishi wengine.

Nikamwambia sura iko tayari, naipiga pasi tu.

Saa nne sura ilikuwa bado inaniangalia. Mstari mmoja: alizaliwa, akakua, akaanza kazi. Saa nne na nusu fundi akarudi na kifaa. Saa tano kifaa kikalipasua bomba lenyewe, maji yakaruka mpaka kwenye ratiba, na mimi, fundi, mama mkwe na Mama Pacha tukawa tunakinga kwa masufuria. Saa sita na dakika kumi nikarudi kwenye kompyuta nimelowa mpaka kwenye mifupa. Nilikuwa na dakika hamsini.

Nilijua ninachofanya. Asije mtu akanitetea.

Niliifungua riwaya yangu, nikainakili sura ya tatu, nikaibandika kwenye kitabu cha Mzee. Sketi nikaigeuza kaptula. Basi, hakukuwa na kingine cha kubadili. Ilinichukua dakika sita. Nikajiambia ni chambo tu. Mzee atasomewa, atapandisha, atasema mama yangu mimi hakuwa hivyo hata kidogo, na kesho nitapata utoto wake wote kwa hasira. Nitaifuta sura yangu, nitaandika yake, na mambo yatanyooka.

Nikatuma. Nikakaa nikingoja simu ya matusi.

Haikulia. Saa nane, kimya. Saa kumi, kimya. Nikadhani amekasirika kupita kiasi.

Alhamisi niliamka na ari. Saa moja asubuhi, kabla mtu yeyote hajavaa viatu, niliipitia sura yangu mara ya mwisho nikamtumia Mhariri. Siku nzima kabla ya muda wake. Katika maisha yangu ya kujitegemea sijawahi kuwahi kitu chochote, na nilitembea kwenda kwa Mzee nimeinua kichwa kama mtu aliyelipiwa deni.

Nilimkuta sebuleni amevaa shati lililopigwa pasi. Kando yake ameketi dada yake, bibi mwembamba aliyekumbatia mkoba. Binti mfamasia alikuwa amesimama na funguo za duka mkononi. Nikawaamkia wote, nikaitikiwa, nikaketi nikatoa daftari tayari kwa kugombezwa.

Binti akasema ameisoma mara tatu. Mara ya kwanza baba yake alimwambia aishie hapo, akatoka nje peke yake huku akipapasa ukuta, akakaa huko muda mrefu. Kisha akarudi akasema anza upya.

“Hukuandika rangi,” Mzee akaniambia. “Lile shati lilikuwa rangi gani?”

Nikasema nilidhani yeye ataniambia.

Akafikiri. “Jeupe. Lakini jeupe la kufuliwa sana, unaona mpaka vidole upande wa pili. Andika hivyo.”

Langu lilikuwa la bluu. Niliandika jeupe.

Akaendelea. Akasema mama yake alipokuwa akilifungua shati asubuhi alikuwa akiimba puani. Akasema kitambaa kilimwachia mistari tumboni. Alisema mengi, tena bila kuulizwa, yeye ambaye kwa miezi minne sikumtoa neno. Binti yake alikuwa akijifuta macho kwa mkono wa koti la kazi. Akasema siku zote baba hakuwahi kuwaambia kitu kuhusu bibi yao, na sasa anaelewa kwa nini anapenda nguo zenye joto la pasi. Mlangoni, akitoka kwenda kufungua duka, akaninong'oneza kwamba kitabu hiki hakitachapwa tena kwenye kiduka cha kadi za harusi kama walivyopanga. Ataipeleka sura hiyo mahali pa maana.

Mimi nilikuwa nimeketi pale nashuhudia chambo kikiliwa pamoja na ndoano, kamba na mvuvi mwenyewe.

Yule bibi akaniomba nimsaidie kubeba vikombe. Nikamfuata jikoni. Hakushika kikombe hata kimoja.

“Nani amekupa habari hizi?”

Nikasema ni za kitabuni tu, nilikuwa nazirekebisha.

“Mama yetu alifariki siku aliyozaliwa huyu. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Shati lake nililifua mimi, na likiwa bichi alilivaa bichi.”

Akanieleza, bila hasira, akiwa ameegemea sinki. Watoto wa shule walimwambia mdogo wake kwamba amezaliwa kwa kumuua mama yake. Walimwambia njiani, walimwambia darasani, mpaka akaacha shule. Alipokuwa mtu mzima aliwakataza ndugu wote wasilitaje jambo hilo. Wanawe wanajua tu kwamba bibi yao alikufa zamani. Namna alivyokufa hawajui, na huyu binti wa mwisho ndiye asiyejua zaidi ya wote.

Nikamuuliza kama nifute. Akasema hilo nimuulize mwenye kitabu.

Nikarudi sebuleni nikaketi kwenye kigoda karibu na miguu ya Mzee, maana kwenye kiti sikuona kama nastahili.

“Mzee wangu, naomba unisamehe. Yule mama si wako.”

“Najua.”

“Ni mama yangu mimi. Nilimweka pale ili ukasirike, unieleze ya kweli.”

“Ya kweli dada amekueleza jikoni. Nimepoteza macho, masikio bado ninayo.”

Akawa anakunja na kukunjua kona ya kitambaa cha kiti.

“Mwanangu, nina miaka sabini na moja,” akasema. “Nimelishwa, nimesomeshwa kidogo, dada yangu amenibeba mgongoni mpaka mgongo ukapinda. Sina cha kulalamika. Lakini jana binti yangu aliposoma, nilisikia joto hapa. Sijawahi kulisikia. Wewe ulikaa naye miaka mingapi?”

“Ishirini na sita.”

“Basi niachie huyu wa kwenye karatasi.”

Hapo ndipo nilipotakiwa kumwambia. Mzee, huyo wa kwenye karatasi yuko mezani kwa Mhariri tangu saa moja asubuhi. Sentensi moja. Mimi ni mwandishi, sentensi ndiyo kazi yangu.

Nikasema, “Nimekuachia.”

Njiani kurudi nyumbani nilikuwa na hasira mpaka masikio yanawaka. Nilimkasirikia Mzee kwa kuomba kitu ambacho mtu hawezi kukataa. Nilimkasirikia fundi, presha ya mama mkwe, Mama Pacha na funguo zake. Kisha nikaishiwa na watu, nikabaki na mimi. Watu hugawa nguo za mama yao akifa. Mimi nimemgawa mwenyewe, kwa kukosa dakika hamsini.

Lakini bado kulikuwa na njia. Nimpigie Mhariri, nimwambie sura ile nimeiondoa, na kesho kabla ya saa sita nitampa nyingine. Kuandika sura kwa siku moja ni wazimu, ila niliwahi kuandika barua arobaini za kukataa madai kabla ya chakula cha mchana.

Nikafungua mlango nikamkuta shemeji yangu.

Mdogo wa mume wangu alikuwa ameketi kwenye kiti changu, mbele ya kompyuta yangu, anakula karanga. Bosi wake anaagwa, na yeye amepewa heshima ya kusoma hotuba. Akasema ni ukurasa mmoja tu, dakika kumi kwangu mimi, si ndiyo kazi yangu. Mama mkwe alikuwa ameketi pembeni, amenitazama.

Tulianza saa saba. Saa kumi na moja tulikuwa bado tunabishana kama bosi aitwe “mpendwa” au “mheshimiwa”. Nilipompigia Mhariri hatimaye, mlinzi akapokea akaniambia ofisi imefungwa.

Na nikiri, kwa kuwa ndicho kinachowafanya mnunue gazeti kila wiki: nilifurahi kucheleweshwa. Ningeweza kumwambia shemeji aondoke. Ningeweza kutoka nje na simu kwa dakika mbili. Mwaka mzima nimelalamika kwamba watu wananila muda, na siku ile niliwapa kwa mikono miwili, kwa sababu kadiri hotuba ilivyokuwa ndefu ndivyo sura yangu ilivyozidi kubaki yangu.

Ijumaa asubuhi mume wangu aliutazama uso wangu wakati wa chai na hakuuliza kitu. Akapiga simu kazini akaomba siku. Akamwambia mama yake avae, wanaenda kwa shangazi yake mpaka jioni. Watoto wakaenda shule. Mlangoni akageuka.

“Leo nyumba yako,” akasema.

Ndugu zangu, hicho ndicho nilichokuwa nakidai tangu nilipoacha kazi. Nyumba nzima kimya, bomba halivuji, hakuna anayeuliza chumvi iko wapi. Nilikaa kwenye kompyuta saa mbili kamili kama ratiba ilivyosema.

Sikuandika kitu.

Nilijaribu baba. Sikumjua vizuri, akanigomea. Nilijaribu mwalimu aliyenipiga, akatoka kama katuni. Kila mtoto niliyemwanzisha alikuwa amevaa shati, na kila shati lilikuwa na joto. Saa nne nilisimama nikazunguka meza. Nilipiga ngumi kwenye godoro. Nililia kidogo, si kwa huzuni, kwa kuchoka na mimi mwenyewe. Saa tano nilikuwa na aya mbili, na zote mbili zilisomeka kama barua ya bima.

Saa tano na robo simu ikalia. Mhariri.

Nilijiandaa kumwambia kabla hajaanza. Nilivuta pumzi. Akaniwahi.

“Sura yako ya tatu niliisoma jana nikafunga mlango wa ofisi nisionwe,” akasema. “Nilikuwa nimeshaamua. Nilikuwa naenda kuwaambia kamati tukichukue kitabu chako.”

Alisema nilikuwa. Nililisikia.

“Sasa saa nne hii ameingia mama mmoja, mfamasia, na kitabu cha maisha ya baba yake. Anataka tumchapie. Nikafungua sura ya kwanza. Mama yule yule, tumbo lile lile, mvua ile ile. Kwake shati ni jeupe, limeongezwa kwa kalamu.”

Nikaifunga kompyuta. Mhariri akaendelea.

“Kamati inakaa alasiri. Wote wawili siwezi kuwapeleka, na anayeiba maandishi ya mwenzake hatachapwa hapa, wala kwa mchapishaji yeyote ninayemfahamu. Kwa hiyo nataka jibu la neno moja. Huyu mama ni wa nani?”

Nilikuwa nimesimama katikati ya nyumba yangu tupu. Nikisema ni wangu, binti atauliza palepale bibi yake alikuwa nani basi, na jambo alilolificha Mzee miaka yote litaanikwa ofisini kwa watu. Nikisema ni wake, mimi ni mwizi, riwaya imekwisha, mwaka umekwisha, na mama yangu hana mtoto.

“Kabla hujajibu,” Mhariri akasema, “ujue nimeweka simu kwenye spika. Huyu binti yuko mbele yangu. Na baba yake amekuja naye.”

Nikasikia kiti kikisogezwa. Nikamsikia binti akisema, karibu sana na simu, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia, “Baba, mwambie. Mwambie ni bibi yetu.”

Kisha Mzee akakohoa.

“Mwandishi,” akasema taratibu, “waambie.”

Hakusema niwaambie nini.